Keti Kama Mwenye Tiketi

Ninyi wenzangu mliokua wakati tiketi ya treni ilikuwa kipande cha kadi ngumu, cha kutosha kiganjani mwa mtoto, najua hamtanicheka. Hawa wa siku hizi waacheni wacheke. Wao safari yao yote imo ndani ya simu, na chaji ikiisha wanasimama kituoni wakitazama huku na huku mpaka unawahurumia.

Mimi na kaka yangu Jotham tulikulia Nakuru, kwenye nyumba za reli. Chumba kimoja, jiko la nje, na mfereji mmoja wa maji kwa familia nane. Baba alikuwa mkaguzi wa tiketi. Alikuwa na koti la vifungo vya shaba, na Jumapili jioni sisi ndio tuliovisugua kwa majivu na ndimu mpaka vidole vinachonyota. Mfukoni alibeba koleo dogo la kutobolea tiketi. Hatukuruhusiwa kuligusa, kwa hiyo tuliligusa kila alipolala. Jotham alitoboa daftari lake la hesabu ukurasa baada ya ukurasa, hadi mwalimu akamuuliza nyumbani kwetu kuna panya wa namna gani.

Kila Agosti shule zikifungwa tulipanda treni na Mama kwenda Butere, kwa nyanya mzaa baba. Mama alichemsha mayai kumi na mawili, akapika chapati, akajaza chai kwenye chupa. Behewa lilinuka dizeli na maganda ya machungwa. Treni ilipanda polepole kuelekea Molo, kwenye baridi ile, na akina mama walikuja madirishani kutuuzia minji na matunda ya pea. Na hakuna aliyekula peke yake. Ukimenya yai lako, nusu ilienda kwa mtu uliyeketi naye, hata kama hujui jina lake. Leo mtu anakula karibu yako huku amevaa vitu masikioni, na ukimsalimia anashtuka.

Baba alikuwa na amri mbili. Ya kwanza: tiketi haitiwi alama na mtu yeyote isipokuwa mkaguzi mwenyewe. Isikunjwe, isiandikwe, isitafunwe. Ya pili alitupa akitunyoosha kola mlangoni. "Keti kama mwenye tiketi," alisema. Maana yake mgongo uwe wima, usijikunyate, usimwogope mwenye kofia, kwa sababu nafasi hiyo ni yako kihalali.

Sisi watoto wa mfanyakazi tulisafiri kwa pasi, karatasi moja ya familia nzima. Nilipokuwa na miaka minane nilimlilia Mama mpaka akanipa niishike. Tulipopita Molo, Mama amesinzia, nikaitoa dirishani nione itakavyopepea. Ilipepea vizuri sana. Kisha nikabaki na vidole vitupu.

Mkaguzi wa siku ile alikuwa rafiki wa Baba. Aliponyoosha mkono, mimi niliangalia viatu vyangu. Jotham akasimama. Alikuwa na miaka kumi na mmoja.

"Ni mimi niliyeiangusha," alisema.

Yule mzee alituacha tuendelee, lakini habari zilimfikia Baba kabla hatujarudi. Hakumpiga Jotham. Alisema tu kwamba Agosti ijayo atabaki Nakuru, ajue karatasi ni kitu gani. Na Agosti iliyofuata akabaki kweli, kwa jirani. Mimi nikaenda Butere, nikala kuku wa nyanya, mapaja yote mawili. Nyanya alifariki kabla ya Krismasi. Jotham hakumwona tena.

Sikusema ukweli. Sikusema mwaka ule, wala nilipokuwa mkubwa, wala Baba alipozeeka. Nilikuwa mwoga, na sina jina lingine la kuupa woga huo.

Maisha yalituleta wote wawili huku Marekani. Mimi niko Wheaton, natunza wazee, shifti za asubuhi. Yeye yuko Oxon Hill, upande wa pili wa jiji, anasimamia matengenezo kwenye hoteli. Mama alitangulia, na miaka minne iliyopita Baba akamfuata. Wakati huo makaratasi yangu ya kuishi Marekani yalikuwa bado hayajatoka. Ningetoka, nisingeruhusiwa kurudi. Jotham alienda kumzika peke yake. Aliporudi tulifanya maombi na watu wa kanisa, na alipopewa maikrofoni alisema, "Kuna watoto wanaozika, na kuna watoto wanaotuma salamu."

Ukumbi mzima ulijua ni nani. Nilibeba sufuria yangu ya ndengu ikiwa bado ya moto, nikaenda zangu, na tangu siku hiyo sikukanyaga kwake. Maneno ya kujitetea nilikuwa nayo chungu nzima, ila kila nikitaka kupiga simu nilikumbuka ile pasi ikipepea. Watu wakiniuliza mbona siendi kwa kaka yangu, niliwajibu kwamba Oxon Hill ni mbali na mimi siendeshi gari.

Sasa Jotham ana binti, Imani, mtoto wa huku huku. Unamsemesha Kiswahili, anakujibu Kiingereza. Majuzi alinipigia. Alikuwa ameshabuku nyumba ndogo mahali panaitwa Levanto, pwani ya Italia, wiki nzima, watu watatu. Hakuna gari, ni treni na mabasi tu.

"Baba yako anajua?" nilimuuliza.

Akasema anajua, na hajasema hapana. Kwa Jotham, kutosema hapana ni hotuba ndefu. Na mimi makaratasi yangu sasa ninayo, nimeyaweka ndani ya Biblia. Nikaomba likizo.

Pwani ile, jamani, ni nzuri. Treni inakimbia ndani ya mlima, giza, halafu ghafla bahari ya buluu hii hapa, halafu giza tena, na kila bahari inapotokea abiria wote wananyamaza. Mabasi yanapanda vilima kwa barabara nyembamba, dereva akipiga honi kwenye kila kona, na bibi wazee wenye vikapu wanamsalimia kwa jina. Tulikula mkate wao bapa wenye mafuta na chumvi mpaka tukachoka. Lakini mimi na Jotham tulizungumza kupitia kwa Imani. "Mwambie baba yako chumvi iko hapa." "Mwambie shangazi yako nimeiona." Asubuhi ya kwanza nilichemsha mayai ya safari. Jotham alilimenya yai lake, akakata nusu, akampa mzee wa Kiitaliano aliyeketi mbele yake. Yule mzee akalila. Mimi nikageukia dirisha ili asione uso wangu.

Imani alikuwa na tiketi yake kwenye simu. Sisi wawili tulikataa, kwa pamoja, jambo la kwanza tulilokubaliana. Tiketi isiyoshikika tungeiaminije? Tukanunua za karatasi kwenye dirisha la tiketi kituoni. Jotham akanikabidhi zote mbili.

"Shika wewe," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu moja kwa moja tangu siku ya maombi.

Nilizilaza ndani ya daftari zisikunjamane. Kwenye ukuta wa kituo kulikuwa na mashine ndogo, watu wanachomeka tiketi zao, inalia krr, wanapanda. Imani akatuuliza kama na sisi hatupaswi kufanya vile. Mimi na Jotham tukamjibu kwa sauti moja kwamba tiketi haitiwi alama na abiria, hiyo ni kazi ya mkaguzi. Alitutazama kwa huruma. Siku nne hakuna aliyetukagua, tukazidi kujiona wajuzi.

Siku ya tano akaja dada mmoja mwenye kofia. Nilimpa tiketi zetu kwa fahari, safi kama zilivyotoka dirishani. Akazigeuza, akazigeuza tena, akatuonyesha kwa kidole mahali palipokosa muhuri wa ile mashine. Imani akatafsiri kwa upole. Bila alama ile tulikuwa tunasafiri bure, na kuna faini.

Niliuona mkono wa Jotham ukishika ukingo wa kiti. Alikuwa anataka kusimama. Nikamwekea mkono begani, nikasimama mimi.

"Ni mimi," nilimwambia yule dada, kwa Kiswahili, kana kwamba amezaliwa Nakuru. "Mimi ndiye niliyekuwa nazo."

Dada wa watu alichukua faini yake, akaturudishia tiketi, akaenda. Jotham alikuwa ananitazama.

"Umechelewa, Roda," alisema. "Miaka arobaini na minne."

Akaanza kucheka, na mimi nikaanza kulia. Nilimwomba msamaha kwa ile pasi, kwa ile Agosti, kwa nyanya. Treni ikiingia mlimani kelele zilinizidi, nanyamaza. Bahari ikitokea, naendelea. Aliningoja mpaka nikamaliza.

"Mimi nilikosea pale kanisani," alisema. "Nilijua ni makaratasi. Lakini pale kaburini niliangalia upande wa pili wa jeneza, sikuona mtu wetu. Nikakukasirikia kwa kuwa hukuwepo, basi."

Imani alikuwa ameiweka simu mkobani. Akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, lile koleo la Babu analosimuliwa liko wapi.

"Liko nyumbani, kabati la jikoni," Jotham alisema, akanigeukia. "Nililileta baada ya mazishi. Nilikuwa nangoja uje ulione."

Tulirudi Marekani Jumamosi. Jumapili baada ya ibada nilichemsha mayai, nikashuka ile ngazi ya umeme ya kituo cha Wheaton isiyoisha, nikapanda treni, nikabadilisha katikati ya jiji, nikamalizia na basi. Treni mbili na basi moja. Italia tulifanya hivyo kabla ya chakula cha mchana na hatukusema ni mbali.

Siku hizi kadi ya plastiki inagusa mashine, inalia, mlango unafunguka. Hakuna anayekuuliza umetoka wapi, hakuna wa kumdanganya wala wa kumwungamia. Behewani kila mtu ameinamia kiganja chake, na mayai yangu hayakupata wa kugawana naye. Nilizikumbuka enzi zetu, nikaketi mgongo wima.

Jotham alikuwa amesimama kituo cha basi, amevaa suti ya kanisani. Alinyoosha mkono, vilevile kama Baba. Nikafungua daftari nikampa tiketi yangu ya Italia, ile isiyo na alama. Akaiangalia mbele na nyuma, akatoa koleo mfukoni, akaitoboa.