Ubavu Alioutaja Baba Mkwe

Maumivu yalikuwa kushoto. Nilijua hivyo tangu nyumbani Goweko, na ndani ya treni mpaka Tabora nilijua hivyo, nimejikunja kwenye benchi, baba mkwe amekaa mbali kidogo na kunipa kisogo kama desturi inavyotaka. Mume wangu alikuwa Tanga akikata mkonge, kwa hiyo mzee ndiye aliyenileta hospitali.

Dresa, msaidizi wa daktari, alipouliza ninaumwa wapi, mzee alijibu kutoka nyuma ya pazia: "Ubavu wa kulia. Kidole tumbo hicho. Ndugu yangu alipasuliwa hapo hapo." Enzi zile za Mwingereza, kwetu, mkamwana hakumkosoa mkwe mbele za watu, tena kwa habari za tumbo. Daktari Mzungu alibonyeza kulia, dresa akatafsiri, "Hapa?" Tumbo zima lilikuwa linawaka. Nikasema ndiyo. Mjinga mimi.

Walinichoma sindano ya mgongo, miguu ikafa, kichwa kikabaki kizima. Shuka lilining'inia mbele ya uso wangu. Kisu sikukisikia, ila nilisikia mikono ikinipekua ndani, na daktari akizidi kunung'unika kwa Kiingereza. Nesi akamnong'oneza dresa kwa Kinyamwezi kwamba kidole tumbo hakionekani, na ganzi haitadumu. Nilitaka kukimbia, na miguu sina. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto, na mzee alikuwa amekaa chini yake. Nikisema, atasikia. Nikinyamaza, nitakufa na adabu zangu.

"Kushoto," nikasema. "Ni kushoto tangu mwanzo."

Wakanipasua mara ya pili. Kilikuwa huko, kimevimba, kinakaribia kupasuka. Baadaye daktari alieleza kwamba matumbo yangu yamelala kinyume tangu kuzaliwa, jambo ambalo yeye alikuwa amelisoma tu vitabuni. Akawaita wenzake waje kunitazama, nami nikalala pale nikitazamwa.

Siku ya tatu mzee alikuja, akasimama mlangoni mwa wodi, macho ukutani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nilikusikia dirishani. Ulikuwa unajua tangu nyumbani?"

Hasira ilinipanda mpaka mishono yote miwili ikauma.

"Hapana, baba," nikasema. "Nilijua pale pale kwenye meza ya upasuaji."

Akashusha pumzi, akaondoka. Nilimchukia kwa pumzi ile, na nikampikia mpaka alipokufa bila kumwambia ukweli.