Aliyejenga Nyumba Yetu ya Magogo

Mashamba ya chai yalipopata mwenyewe mpya, sisi tuliokuwa tunakaa kwenye kota tulianza kuchunguzana. Zamani ukisikia nyundo kwa jirani ulijua anatengeneza kitanda. Sasa ukiisikia unachungulia, maana huenda anang'oa dirisha. Tulikuwa tumeambiwa tuhame kabla mvua kubwa hazijaanza, na kila nyumba ikabidhiwe na milango yake yote. Walinzi wapya wa getini hawakumjua mtu. Walidunga magodoro yetu kwa fimbo ya chuma, wakafungua hata vikapu vya ndizi.

Mume wangu alikuwa fundi wa boila kiwandani. Alipunguzwa pamoja na wengi. Nyumba tuliyokuwa tunaihama ilikuwa ya matofali, ya zamani sana, sakafu imepasuka na dari limefanya madoa ya maji, lakini watoto wangu wote nilikuwa nimewazalia mle ndani. Sikuwa na pengine. Mimi ni Mkinga, nilikuja Rungwe nikiwa binti, na mama yangu aliyekuwa mchuma chai. Mume wangu ni mwenyeji wa Ikuti, lakini kwao hatukuwa na njia. Baba yake alimkatalia kunioa. Alisema hatakanyaga nyumba atakayokaa mwanamke aliyetoka mbali, ambaye watu wake hawajulikani. Tukaoana hivyo hivyo, na mzee akakaa na neno lake. Sikuwahi kumwona.

Jioni moja mume wangu akaniambia amepata kiwanja Igogwe.

"Umepataje?" nikamuuliza.

"Nimeuziwa na bibi mmoja mjane. Anahamia Mbeya kwa watoto wake."

"Bibi gani?"

"Humjui."

Wanaume hawanunui kiwanja kwa mtu ambaye hawezi kutajwa.

Wakati ule mwenyewe mpya alikuwa anakata mipaina ya zamani iliyozunguka kota, na alikuwa ametangaza kwamba anayetaka magogo achukue. Wengi waliyapasua kuni. Mume wangu akasema atajenga nayo nyumba. Sikumwelewa. Nyumba nilizozijua zilikuwa za mianzi, za matofali au za mbao. Akanieleza kwamba magogo yanalazwa moja juu ya jingine, yanachongwa mapengo kwenye ncha ili yashikane pembeni, na nafasi zinazobaki zinazibwa kwa udongo. Akaongeza kwamba Tukuyu tofali bichi halikauki, mvua inalirudisha kuwa tope, na saruji haishikiki bei.

Hayo ya mvua nilikubaliana nayo. Nilichojiuliza ni jambo jingine. Huyu mtu alikuwa amechochea moto wa boila ujana wake wote. Kuchonga mapengo alifundishwa na nani?

Basi akawa anaenda Igogwe siku nyingi za juma, na kila anapoenda hubeba kitu cha nyumbani kwa baiskeli, ili siku ya kuhama tusiwe na mzigo mkubwa. Aliniomba jambo moja tu.

"Usije kule mpaka nikuite. Magogo yanaanguka."

Nikahesabu moyoni. Alipeleka blanketi zito la bluu, lile nililolitunza kwa wageni. Alipeleka birika. Alipeleka kikombe chenye mfuniko na kigoda kifupi. Hakupeleka meza, wala kabati, wala beseni. Mtu anayehamisha nyumba haanzi na blanketi na kikombe. Hivyo ni vitu vya kumkalisha mtu.

Siku moja nikifua suruali yake nilikuta ugoro mfukoni, umefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Mume wangu hakuwahi kunusa ugoro.

Nilimwonyesha jirani yangu wa ukuta mmoja, mwanamke niliyemwamini kuliko wengine pale kota. Aliunusa, akapiga chafya, akaurudisha mkononi mwangu.

"Mama, wajane wa huku wananusa sana ugoro," akasema.

"Ni bibi mzee. Anahamia Mbeya."

"Umemwona uzee wake?"

Nilimtazama yeye pia. Nyuma yake, kwenye chumba chake, dirisha moja lilikuwa limezibwa kwa gunia, na nilijua wiki iliyopita lilikuwa na vioo.

Kesho yake mume wangu alipoondoka, nilisubiri kidogo, nikawaacha watoto kwa jirani huyo huyo, nikamfuata. Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Baiskeli ilikwisha niacha mbali, lakini Igogwe si pa kupotea, na nyumba ya magogo haina mwenzake. Mwanamke aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe nilimsalimu kwa Kinyakyusa changu cha kuombea maji, nikamuuliza. Akanielekeza kwa kidevu, bila kusita.

"Kule kwa mzee wa magogo," akasema.

Nikasimama. "Mzee gani?"

Alinitazama kama mtu anayeogopa kwamba amesema lisilomhusu, akainamia majani yake.

Nyumba niliiona kutoka nyuma, kupitia migomba. Kuta zilikuwa zimefika juu ya kichwa cha mtu, nyeupe, bado zinanuka utomvu. Baiskeli ilikuwa imelazwa chini, mume wangu hayupo. Baadaye nilijua alikuwa ameteremka mtoni kuchimba udongo. Ndani ya kuta tezo lilikuwa linagonga, taratibu, kwa kupumzika pumzika. Kwenye kamba kulikuwa na blanketi langu la bluu, limeanikwa.

Nikasogea mpaka ukutani. Magogo yalikuwa hayajazibwa, nafasi zinapitisha vidole. Nikachungulia. Niliona mguu mmoja mkavu, wenye mishipa, umevaa kandambili ya tairi, na kando yake kikombe chenye mfuniko. Mguu wa mwanamume mzee. Na kidole chake kikubwa kilikuwa kimepinda kuelekea nje, kama kidole cha mume wangu na cha mwanangu wa kwanza.

Nilirudi nyuma kama niliyeungua. Kwa desturi yao mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Akimwona njiani anakwepa, anajificha hata kwenye majani. Mimi si Mnyakyusa, lakini nilikuwa nimeishi nao miaka mingi, aibu yao ilikuwa imeniingia. Nikakanyaga tawi.

Tezo likanyamaza.

"Nani?" sauti ikauliza.

Ningeweza kukimbia. Nikasema, "Ni mimi, baba. Mama wa wajukuu wako."

Nikasikia anavuta kigoda, anakaa. Alipozungumza alizungumza Kiswahili, kwa ajili yangu, kwa lafudhi ya Ikuti ambayo mara nyingine huifanya kazi kuwa kasi.

"Usije mbele. Kaa hapo hapo nje. Tunaweza kusema hivi."

Nikachuchumaa, mgongo wangu ukiegemea magogo.

"Watoto wako fisuri?"

"Wazima, baba."

"Ndaga, asante." Akashusha pumzi. "Hii kasi nilifundishwa na bruda Mzungu, nikiwa kijana, nilipokuwa nafanya kasi kwa mapadri. Kwao walijenga hivi. Mwanangu alikuja kuniomba. Nikamwambia, nitajenga, lakini usimwambie mke wako kwamba mimi nimefika kwake. Nilisema sitakanyaga nyumba. Hii bado si nyumba. Haina bati."

Ningecheka, ila kuna jambo lilikuwa limekwisha nishika.

"Baba, na kiwanja?"

"Changu. Nilikipata hapa ujanani. Nimempa mwanangu, na wewe na watoto."

Kwa hiyo mjane wa Mbeya hakuwapo. Wengine wangefurahi wakaishia hapo. Mimi nilitoka kwenye kota ambako tuliambiwa kila mwaka kwamba nyumba zile ni zetu mpaka tuzeeke, tukaambiwa na watu waliotuchekea usoni kwa wema. Mume wangu alikuwa na kaka wakubwa wawili. Mzee alikuwa anakohoa kati ya neno na neno.

"Baba," nikasema, "umempa mbele ya nani?"

Tezo likaanza tena kugonga. Nikajua nimeagwa.

Mume wangu alinikuta njiani narudi, yeye ana ndoo ya udongo begani. Hakuuliza nilikotoka. Jioni alipofika nyumbani uso ulikuwa umekaza.

"Mzee ameacha maneno ya miaka yote hii, amekujengea kwa mikono yake," akasema. "Na neno la kwanza unalompa ni hilo. Hata yeye unamshuku?"

"Wewe ndiye uliyenidanganya kuhusu mjane."

"Nilimwahidi."

"Basi na mimi nimeuliza. Kuuliza si kumtukana."

Kwake ilikuwa kumtukana. Alikula akanyamaza, akalala akanyamaza, na siku zilizofuata tulifunga vyombo kwa ishara. Mzee hakurudi kwenye ujenzi. Mume wangu alikwenda Ikuti kumwomba, akarudi peke yake, akaanza kuziba nafasi za magogo bila kunitazama. Nilianza kuamini kwamba nimetuharibia sote.

Jumapili ya mwisho kabla ya kuhama tulisali Igogwe kwa mara ya kwanza. Ibada ilipokwisha, watu wamesimama nje wakisalimiana, katekista akaomba wasiondoke. Mzee mmoja mrefu, amevaa koti kubwa la mvua, akapanda ngazi ya kanisa. Wanawake walionizunguka wakanigusa, nikajua ni baba mkwe wangu, nikainamisha kichwa nikafunika uso kwa khanga. Kwa hiyo aliyoyasema niliyasikia tu. Alisema kwa Kinyakyusa, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wageni waelewe: shamba lile na nyumba ile ni vya mwanawe mdogo, na vya mke wake, na vya wajukuu wake. Akawataja kaka wakubwa, waliokuwa wamesimama pale pale, akawauliza kama wamesikia. Wakasema wamesikia. Mmoja alijibu upesi. Mwingine alichelewa.

Kukabidhi kota kulichukua asubuhi nzima. Mlinzi alihesabu milango, akagonga vioo kimoja kimoja kwa ukucha. Kwetu hakikupungua kitu. Kwa jirani yangu waliandika mengi, naye alinitazama kana kwamba ni mimi niliyekwenda kusema. Sikuwa nimesema. Hatukuagana vizuri.

Nyumba mpya ilikuwa ya baridi na ilikuwa inalia. Gogo likikauka linapasuka kwa mlio wa fimbo, na mwanzoni kila mlio ulinisimamisha. Mzee alikuja mara nyingi baada ya hapo. Hakuingia. Alikaa nje upande wa nyuma, mimi ndani, tukazungumza kupitia ukuta uliokwisha zibwa, kwa hiyo ilitubidi tupaze sauti, na majirani wote walijua habari zetu. Hakuwahi kulisema lile swali langu. Mimi pia sikulirudia.

Alipofariki na matanga kwisha, kaka yule aliyechelewa kujibu alikuja na watu wawili, wakaanza kupima shamba kwa hatua. Mume wangu alitoka nje, hakujua aanzie wapi. Mimi nilimtuma binti yangu kwa katekista. Akaja, wakaja na majirani kadhaa, wanawake wakiwa wengi, na kila mmoja akasema alichokisikia kwenye ngazi ya kanisa. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba maji ya kunywa, nikampa, akaondoka.

Mume wangu hakuniambia kwamba nilikuwa sahihi. Wiki ile ile alianza kunijengea jiko la nje, na safari hii aliniita mapema, akaniuliza mlango ninautaka upande gani.

Shemeji bado hupita akienda Tukuyu. Hunisalimu kwa heshima zote, na mimi humpikia chai. Akishaondoka, mimi huzunguka shamba kuangalia kama mimea ya mpakani iko pale pale.