Uwanja wa Bi Mwanamisi

Katika mteremko wote ule juu ya mji wa Lushoto, mahali tambarare pa kutandika mkeka bila kikombe cha chai kuserereka ni pamoja tu: uwanja wa Bi Mwanamisi. Marehemu mumewe aliuchimba kwa jembe, msimu baada ya msimu, na tangu hapo haujawahi kuwa wao peke yao. Hapo majirani huanika maharage na kuyapiga kwa fimbo. Hapo huozeshwa mabinti, wa Kiislamu na wa Kilutheri pia, na hapo hukaliwa matanga. Mwenyewe hufagia tangu alfajiri, huku akimsema kila aliyeacha maganda jana yake. Ana mdomo, hilo halina ubishi, lakini uwanja wake hauna hata uzio.

Kisha Kristian, mtoto wa jirani yake Mzee Tobia, akarudi na fedha zake za Dar es Salaam. Akabomoa nyumba ya udongo ya baba yake, akainua ghorofa tatu zilizomeza kiwanja chote. Ni jumba zuri, tusimnyime sifa yake. Lakini jua la asubuhi, lililokuwa likimfikia Bi Mwanamisi watu wakinywa uji, sasa linachelewa mpaka karibu na adhuhuri, na maharage yanaota ukungu. Bei za viwanja zikaruka. Madalali wakaanza kupanda kilima, na majirani wawili wakauza, wakaenda zao. Waliobaki wakawa wanamtazama Bi Mwanamisi: akiuza yeye, na wao watauza.

Kristian aliutaka uwanja ule aegeshe magari. Akamtuma Edgar, dalali mwenye maneno matamu. Bi Mwanamisi alimfukuza, na aliporudi akamfukuza tena. Alipokuja safari nyingine, bati lilikuwa likivujia kitandani, na Saumu, bintiye, alikuwa amepanda kutoka Mombo kumbembeleza.

"Mama, baridi itakuua hapa. Twende kwangu, kwenye joto."

Akakubali. Wangeandikishana Jumatatu. Saumu alifurahi, mama yake akaingia jikoni akalia, moshi ukasingiziwa.

Ijumaa, Mzee Tobia akafariki.

Watu walifurika, wa kutoka Bungu na wa kutoka Magoma. Jumba lilikuwa na ngazi, vigae vya kuteleza na vyumba vya kulala kila upande, ila pa kuwakalisha watu wote hao pamoja hapakuwapo. Wakajipanga barabarani kwenye tope. Kristian akasimama getini, amepotewa. Kwa desturi ya kule mfiwa haombi mahali. Jirani ndiye hutangulia kufungua kwake. Na majirani wenyewe, wawili walikwisha kuuza, na waliobaki hawakuwa na mahali tambarare.

Bi Mwanamisi alikuwa ameshafagia. Akatandika mikeka, akainjika masufuria, akatoka barabarani mikono kiunoni.

"Mnasimama huku mnangoja basi? Ingieni! Mzee Tobia kapiga maharage hapa miaka yote, leo mumlilie kwenye tope?"

Wakaingia. Kwaya ya Kilutheri ikaimba uwanjani kwa mama wa Kiislamu, naye akapita na chai, akiwakemea waliolia bila kula. Mwanamke wa namna hii ni wa kuvuliwa kofia.

Jumapili jioni, maziko yalipokwisha, Kristian alivua viatu akaketi mkekani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

Akawatazama wazee waliokuwa bado wanazungumza juu ya baba yake. "Mama, kama ungekuwa umeshaniuzia, hawa wote ningewakalisha wapi?"

"Ungewapakia kwenye magari yako," akajibu, wala hakutabasamu.

Kristian akacheka, na kicheko kikageuka kilio alichokuwa amekibana tangu Ijumaa. Bi Mwanamisi akamvuta begani kwake, akamwacha alie mpaka akatulia.

"Kesho usimtume Edgar," akamwambia. "Siuzi."

"Hata ungeuza, mama, nisingenunua."