Muuaji Niliyemtia Kitabuni

Muhogo ukifunikwa kwa majani siku tatu nne huota ukungu mweusi, na harufu yake mgeni akiipata hufikiri kuna mnyama amekufa nyuma ya nyumba. Kwetu Bukhayo hiyo ni harufu ya chakula. Miezi ya jua kali, kabla ya mvua ndefu, ua wa mama ulinuka hivyo kutoka asubuhi hadi jioni, na wanawake wa boma za jirani walikuja baada ya chakula cha mchana, wakakaa kwenye mikeka na kukwangua ukungu kwa visu vilivyolika hadi vikawa vyembamba kama majani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja hivi. Shule ilikuwa imenishinda darasa la nne, baba alipofariki. Nasema wazi kwa sababu leo watu wanaoniamkia Malaba, mji wa mpakani, wakiona nyumba zangu mbili za wageni, hudhani nilisoma sana. Sikusoma. Lakini kusoma Kiswahili nilijua, na pale uani hakuna mwingine aliyejua, na jambo hilo lilinipandisha kichwa kuliko inavyofaa mtoto.

Kati ya wanawake wale alikuwako Nabwire, mke wa jirani yetu Wandera. Alikuwa msichana tu, naona hakuwa amefika ishirini, na alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza ilitoka kabla ya wakati na mtoto akafa. Wandera alikuwa akibeba mizigo Tororo, ng'ambo ya mpaka, na kabla hajaondoka alikubaliana na mtu mmoja aitwaye Ekisa kwamba siku uchungu ukianza, atampeleka Nabwire zahanati kwa baiskeli. Zahanati ilikuwa mbali, vilima viwili na kinamasi cha mafunjo katikati, na upande wetu hakuna baiskeli nyingine iliyokuwa na keria ya kubeba mtu mzito. Ekisa alikuwa mtu wa kabila la Wateso kutoka upande wa Malaba, amekodi kipande cha shamba, anaishi peke yake. Mrefu, maneno machache. Alikata mafunjo ya kufuma mikeka, kwa hiyo kila alipopita alikuwa na panga lililofungwa ndani ya gunia, nyuma kwenye keria.

Kitabu kililetwa na kaka yangu Ouma. Alikiokota Malaba kwenye foleni ya malori, dereva alikuwa amekimaliza akakitupa. Hakikuwa na jalada wala karatasi za mwanzo, kwa hiyo mpaka leo sijui kiliitwaje. Kilikuwa cha muuaji anayewaua wanawake katika mji mkubwa, na polisi wanamtafuta. Nilikisoma kwa macho Kiswahili, nikakitoa kwa mdomo kwa lugha yetu, maana Kiswahili cha kitabu kingewapita wale wanawake. Siku ya kwanza tu kiliwagawa. Mama Taaka, mwanamke wa kicheko kikubwa, aliuliza, "Sasa hao polisi wanazunguka nini? Si huyo ameuawa na bwana yake? Waniulize mimi!" Kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, alisema Mungu atamuuliza alikuwa akisikiliza nini uzeeni, kisha akavuta mkeka wake karibu nami kwa sababu masikio yake yalikuwa mazito. Mama alinikataza nisiendelee, na kesho yake yeye ndiye aliyeniuliza kitabu kiko wapi. Nabwire aliziba masikio kwa vidole vyenye unga wa muhogo, lakini mtu anayetaka kuziba kweli huondoka, na yeye hakuondoka.

Siku ya tatu kitabu kikapoa. Kurasa nzima zilikuwa za hoteli na magari na nguo za watu, na maneno mengine sikuyajua. Mama Taaka akapiga miayo. "Heri nikalale," akasema. "Kitabu chako kimekuwa kama mahubiri ya katekista." Wakacheka wote, na mimi kicheko kile kikaniuma. Muuaji wa kitabuni alivaa koti refu jeusi na kuendesha gari. Nani uani kwetu angeogopa koti? Basi nikakazia macho karatasi, nikasema kwamba alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyeishi peke yake, na alipita na baiskeli akiwapa wanawake lifti, na nyuma kwenye keria alikuwa na panga limefungwa ndani ya gunia. Visu vyote vikanyamaza. Sijawahi kusikia kimya kitamu kama kile. Ningetaka kusema nilimtaja bila kufikiri, kwamba mtoto hushika kilicho karibu. Lakini nilijua ni nani niliyekuwa nikimchora, na ndiyo sababu nilimchora.

Kuanzia hapo hawakutaka mwingine. Kila mchana wakiketi waliuliza, "Yule wa baiskeli amefika wapi?" nami nikamwendesha nilivyopenda. Nabwire alitoa vidole masikioni. Siku moja akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ni kweli imeandikwa hivyo?" Nikaweka kidole juu ya mstari wowote nikasema, "Imeandikwa." Mtu wa leo atashangaa. Lakini kwetu wakati ule, kilichoandikwa kilikuwa Biblia, cheti cha ubatizo na barua ya chifu. Hakuna aliyewahi kuwaambia wale wanawake kwamba mtu anaweza kukaa chini na wino akaandika jambo ambalo halikutokea. Niliyelijua hilo nilikuwa mimi.

Uchungu ulimshika Nabwire asubuhi moja, siku chache kabla ya wakati. Mama alinituma mbio kwa Ekisa. Alikuja mara moja, hata kifungua kinywa hakumaliza. Alikuwa ametandika blanketi juu ya keria, na lile panga, kwa kuwa halikuwa na nafasi tena, alilishika mkononi akitafuta pa kuliweka. Nabwire akatoka mlangoni akamwona hivyo.

"Siendi na huyo!" akapiga kelele. "Mama, siendi!"

"Nabwire, huyu ni Ekisa," mama akasema. "Ni Wandera mwenyewe alimpanga."

"Namjua. Muulizeni mtoto! Mtoto amesoma!"

Wote wakanigeukia. Ekisa naye, asiyejua lolote, aliweka panga chini ya ukuta akasema kwa Kiswahili chake cha upole, "Dada, kwani nimekosea wapi? Panda twende, jua litakuwa kali." Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu, kwamba nilidanganya. Nililihisi kabisa mdomoni. Nikatazama nyuso za wale wanawake, nikaona siku zote ambazo hawataniita tena kusoma, nikatazama chini.

Wakaenda kwa miguu. Mama na Mama Taaka walimshika Nabwire kila mmoja upande wake, nami nikafuata na maji. Ekisa alikuja nyuma yetu akisukuma baiskeli tupu, mbali kidogo, asimtishe, lakini karibu kiasi cha kuitwa. Hakuitwa. Penye kinamasi Nabwire alikaa chini, akasema hawezi tena, na mtoto alizaliwa hapo kando ya mafunjo. Alikuwa mvulana. Mama alimpiga mgongoni, akampulizia, akamgeuza. Hakulia.

Baada ya maziko lawama zote ziliwekwa juu ya kitabu. Mzee mmoja wa kanisa alisema kichomwe. Kukhu akasema alikuwa ameonya. Mama Taaka, aliyekuwa akidai niendelee, akasema alijua tangu mwanzo kitu kile kina pepo. Hakuna aliyenitaja mimi, nami nikajificha nyuma ya karatasi zile kama mtu anayejificha nyuma ya mlango. Mama alikuwa tayari amewasha moto Nabwire alipofika, kiuno kimefungwa leso. "Kabla hamjachoma," akasema, "asome mwisho." Nikasoma. Safari hii nilisoma kilichokuwepo, kwa woga: koti jeusi, gari, polisi wakivunja mlango, pingu. Nabwire alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wa baiskeli yuko wapi?"

"Nimeruka mahali," nikasema.

"Rudi usome."

Nikafunua karatasi nyuma, nikafunua mbele. Nabwire hakujua herufi hata moja, lakini kidole kisicho na pa kusimama alikiona. Alinitazama muda mrefu, bila hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. Kisha akamwambia mama, "Choma," akaondoka. Ekisa alihama kabla ya mvua. Watoto walikuwa wakimkimbia njiani, na sidhani aliwahi kuambiwa kwa nini.

Siku hizi madereva hukaa kwangu Malaba siku mbili tatu wakingoja karatasi za forodha, na mjukuu wangu anayekaa mapokezi ana kundi la wasomaji kwenye simu. Husoma vitabu vya aina ileile. Mmoja husema moyo ulitaka kumtoka, mwingine kwamba alichoka katikati, mwingine kwamba vitabu hivyo vinaharibu watu na visiuzwe. Wanabishana hadi wanatukanana. "Kukhu, wewe unasemaje?" huniuliza mjukuu. Namwambia wabishane tu, kila mmoja ana maandishi mbele ya macho yake, akitilia shaka anarudi kuangalia mwenyewe. Ya kwetu yalipitia mdomo mmoja. Sijawahi kukilaumu kitabu kile. Kilikuwa na koti na gari, basi.

Nabwire alizikwa mwaka juzi. Hakuzaa tena. Nilipeleka magunia ya mchele na hema la kukalia watu, nikapewa kiti mbele, na walipouliza nani atasema neno juu ya marehemu, mtu akasema, "Mama mwenye Malaba aseme, yeye alikaa naye tangu akiwa mtoto, na maneno anayajua." Wakaniletea kipaza sauti mpaka mkononi. Mimi nimesimama mbele ya maofisa wa forodha nikawanyamazisha. Nilikishika kile kipaza sauti, nikasikia pumzi yangu mwenyewe ikitoka kwenye spika, halafu nikampa aliyekaa kando yangu.