Kipande Kilichokaa Siku Tano Kwenye Formalini

Kosa langu kubwa la kwanza lilitokana na kutaka kila kitu kiwe kamilifu. Nilidhani dawa nzuri ikizidishwa inakuwa nzuri zaidi.

Sijafika umri wa kumwita mtu mwanangu. Lakini unaanza kazi niliyoianza mimi, kwa hiyo leo nivumilie.

Mwanangu, ilikuwa Johannesburg, mwaka 2017. Nilikuwa msaidizi katika maabara ndogo, nikipokea vipande vya miili ya wagonjwa na kuviweka kwenye formalini visioze. Nilipanga chumba mtaa wa Bellevue, na kemia nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya maktaba. Sikuwa na cheti. Kila asubuhi niliogopa kwamba leo ndiyo siku watakayogundua kuwa sijui kitu, basi nilifuta meza mara tatu kabla wengine hawajaingia.

Alhamisi ya kuelekea Pasaka kikaja kipande cha titi chenye uvimbe wa saratani, cha mama mmoja wa mtaa wa Malvern. Nilipaswa kukiweka kwenye mashine jioni ile, nayo ingekitoa kwenye formalini kesho yake. Nikakiacha makusudi hadi Jumanne. Nilitaka kiwe imara kuliko vyote.

Siku chache baadaye ukanda mwembamba wa kipande ukapakwa kingamwili, protini ya kupimia inayoacha rangi ya kahawia pale inapokuta vipokezi vya homoni. Rangi haikutokea. Daktari akaandika kwamba uvimbe hauna vipokezi. Maana yake yule mama angenyimwa vidonge vya kuzuia homoni ambavyo huenda vingemponya.

Wenzangu wakinywa chai, niliiangalia slaidi, kioo chenye ule ukanda, kwa darubini. Hata mirija ya maziwa yenye afya ilikuwa imepauka, na pale lazima baadhi ya seli zishike rangi. Kipande cha kulinganishia kilishika vizuri, lakini hicho kilikaa kwenye formalini siku moja tu.

Nikaelewa. Kingamwili haishiki protini nzima. Hushika sehemu ndogo tu, amino asidi chache, yaani vijenzi vya protini, zilizojipanga kwa namna maalumu. Formalini hubadilisha baadhi ya amino asidi hizo, hasa ile iitwayo laisini, na kuzifunga na jirani zake. Ikizidi, kingamwili hufika na kukosa pa kushika. Vipokezi vilikuwepo. Mimi ndiye niliyevifunika.

Hakuna aliyejua. Ningeweza kunyamaza.

Nilimwendea mkubwa wetu, Mama Béatrice, mtu wa Lubumbashi, nikamwambia, "Mama, jibu hilo lisiende."

"Eish, profesa wa Bellevue ameamka," akawaambia wenzangu, nao wakacheka. "Daktari alisoma miaka na miaka. Wewe ulisomea wapi?"

"Maktabani, kila Jumamosi. Lakini kipande nilikiacha mimi siku tano, na daktari hajui."

Kicheko kikakatika.

"Unajua kwa maneno hayo naweza kukufukuza?"

"Najua, Mama. Turudie kwanza, halafu unifukuze."

"Ulitaka kipendeze," akasema, "au kiseme kweli?" Kisha akavaa glovu.

Tulikata ukanda mwingine wa kipande kilekile, tukauchemsha kwenye maji ya dawa muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu joto hulegeza vile vifungo. Kahawia ikatokea kwenye mirija, ikatokea na kwenye uvimbe. Daktari akabadilisha jibu, na yule mama akaandikiwa vidonge. Mimi nikapewa barua ya onyo na miezi miwili ya kuosha chupa. Niliziosha kichwa juu.

Kwa hiyo mwanangu, watakapokuuliza umesomea wapi, usiinamishe uso. Sema unachokijua, na uanze na kosa lako, hata kama linakugharimu kazi. Slaidi nyeupe haimaanishi hakuna kitu. Iulize kwanza ilitendewa nini. Mungu akupe mikono mitulivu na mdomo usioogopa wakubwa.

Mimi bado nina hofu, na meza bado naifuta mara tatu. Lakini kipande kinatoka kwenye formalini saa yake ikifika, na nikikosea nasema siku hiyohiyo.