Mlinzi Aliyejifungia Nje

Mimi ni mlinzi. Kazi yangu, huu mwaka wa tisa, ni kukaa getini kwenye ghala moja kule Turffontein, Sauzi, na kumuuliza kila mtu anatoka wapi na anamfuata nani. Hata meneja, kama sijamwandika kitabuni, hapiti. Sasa mtu kama mimi akiambiwa kwake mlango uko wazi tangu alipohamia, atajisikiaje?

Aliyeniambia ni mwenzangu wa zamu. Alikuja kututembelea nyumbani Berea Jumapili moja, akaomba waifai. Akainua kitambaa cha kufuma ambacho mke wangu hufunikia ruta, kile kisanduku cha waifai, akasoma kibandiko cha chini, akabonyeza simu yake mara mbili tatu. Mara akaanza kucheka. Alikuwa ameingia kwenye mipangilio ya ruta yetu kwa lile neno la siri la kiwandani, ambalo ruta zote za aina ile hutoka nalo na sisi hatukuwahi kulibadilisha.

"Kaka, yeyote mwenye waifai yako anaweza kuingia humu," akasema. "Akubadilishie kila kitu, akufungie nje, akupeleke kwenye kurasa za matapeli. Na hapa umeruhusu hata mtu aliye nje ya nyumba aingie."

Nikamgeukia mke wangu. Ni Mkongo wa Lubumbashi, msusi. Siku za kazi yuko saluni Yeoville, mwisho wa wiki anasuka hapa hapa sebuleni. Nikamuuliza ni nani na nani wana waifai yetu.

"Bote," akasema, yaani wote. "Mtu anakaa saa tano nasuka kichwa yake, nimnyime waifai? Weye unalindaka geti ya batu, ya kwako unaacha wazi. Eish, mlinzi!"

Mwenzangu alicheka mpaka chai ikampalia. Mimi nilikasirika, sifichi.

Alasiri ile ile nikafunga. Nikabadilisha neno la siri la mipangilio, nikazima mlango wa kuingilia kutoka nje, na waifai yenyewe nikaipa neno jipya. Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Nilichukua namba za malori matatu ya kwanza yaliyoingia ghalani Jumamosi, jana yake, nikaziunganisha kwa mpangilio wake. Nani angekisia? Wala sikuwa na haja ya kuandika popote, kwa sababu namba zote ziko kwenye kitabu cha getini, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Kwenye simu ya mke wangu neno hilo niliingiza mimi, nikaficha skrini kwa kiganja asione, maana angewapa wateja kabla ya jua kuzama.

Wa kwanza kukatika alikuwa mama wa ghorofa ya juu, mtu mzima, naye wa Lubumbashi. Kila jioni alikuwa akitumia waifai yetu kuzungumza na mjukuu wake. Alishuka kuuliza kulikoni. Nikamjibu mlangoni kwa sauti ya kazini: "Mama, utaratibu umebadilika."

"Sawa, baba," akasema, akapanda ngazi polepole.

Siku hiyo nilitengewa ugali bila mboga. Nikala.

Wiki tatu baadaye mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa, Tanga. Baba yetu ni marehemu, kwa hiyo walii ni mimi, na shehe alikubali nimuozeshe kwa video. Baba mdogo hakupenda. Amekuwa akisema tangu zamani kwamba mimi nimefika Sauzi nikasahau kwetu, na siku hiyo alikaa karibu na shehe, tayari kuchukua nafasi yangu. Nilikuwa nimeapa hataichukua.

Alhamisi, siku moja kabla ya ndoa, simu yangu ilianguka getini, lori likapita juu yake. Ijumaa asubuhi nikanunua nyingine. Ndoa ni saa kumi ya Tanga, saa tisa ya kwetu. Saa nane na nusu niko sebuleni, kanzu nimevaa, kofia nimevaa, udi nimejifukiza kana kwamba harufu inafika Tanga. Nikafungua waifai. Simu mpya ikaniuliza neno la siri.

Lahaula! Malori gani yale?

Nikampigia mwenzangu getini. "Kitabu kile kilijaa, kaka. Kimepelekwa ofisini juzi." Nikampigia mke wangu. Yuko Yeoville, kichwa cha mtu mkononi, na neno la siri hakuliona, si nililificha? Alicheka kwanza, halafu akasema, "Panda juu kwa mama. Sasa hivi." Kwa intaneti ya laini ya simu katika jengo letu picha haisogei, na kuirudisha ruta ilivyotoka kiwandani kungefuta mpaka mipangilio ya kampuni ya intaneti. Nikapanda ngazi na kanzu nimeishika kwa mikono miwili.

Mama alifungua, akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. Kumbe katika wiki zile tatu alishapata ruta yake, na ukutani kando ya mlango palibandikwa karatasi ya neno la siri, herufi kubwa kama tangazo la kanisani. "Andika, baba," akasema.

Tanga ikatokea. Shehe ameketi, bwana harusi ameketi, baba mdogo ameketi. Shehe akafungua kinywa, na picha ikaganda hapo hapo. Nikasikia sauti ya baba mdogo: "Shehe, tuendelee, huyo ameshakatika."

Nyumba ile ya mama ina wapangaji watano, na kila mmoja alikuwa na simu mkononi, anavuta waifai ile ile. Mama akasimama katikati ya sebule. "Muzime waifai kwenye simu zenu bote! Kaka anaozesha dada yake!" Wakazima wote. Wawili kati yao nilikuwa nimewakata mimi mwenyewe.

Picha ikarudi. Nikamwambia bwana harusi, "Nimekuozesha dada yangu," nikalia, sioni aibu. Akajibu amekubali. Mama akapiga vigelegele nyuma yangu, wanawake wa Tanga wakamjibu.

Tulipokaa kunywa chai, ulinzi ukanirudia. Nikamwomba ruhusa nimbadilishie neno la siri la mipangilio ya ruta, maana lilikuwa lile lile la kiwandani, akakubali. Nikaendelea: "Na hii karatasi ya waifai, mama, uitoe ukutani. Kila anayeingia anaisoma."

Akaweka kikombe chini. "Ningeitoa, baba, weye leo ungeliingia na nini?"

Nikamwomba radhi kwa ile siku ya mlangoni.