Kipaza Sauti cha Mwalimu Muhire

Nyiramana alifika uwanjani kabla ya wachezaji, kama kawaida yake. Alipenda kuuona uwanja wa koleji ukiwa mtupu, nyasi zimelala upande mmoja kama nywele za mtoto aliyetoka usingizini, na chini kabisa, nyuma ya mapaa ya mtaa wa Nengo, mjini Gisenyi, ziwa limekaa kimya bila kumwomba mtu alitazame. Alitandika kitenge chake kwenye ukingo wa majani karibu na lango la chini, akavua viatu, akakunja miguu. Hapo ndipo pake. Wanafunzi walikuja wakamaliza masomo, wakaoa, wakazaa, wakaleta watoto wao kwenye koleji ileile, na Nyiramana alikuwa bado amekaa hapo, akiwafokea wachezaji kama watoto waliokataa kuoga.

Walimwita Mama Koleji. Hakuwahi kusoma pale wala kufundisha pale. Marehemu mume wake, Nzabonimpa, ndiye aliyekuwa mtunza uwanja. Alifyeka majani, akashona nyavu, akachora mistari kwa majivu ya jikoni. Nyiramana alikuwa akimletea chakula cha mchana. Siku moja mechi ikaanza kabla hajaondoka, na hakuondoka tena. Sheria ya kuotea hakuielewa mpaka uzeeni. Alisema ni kitu ambacho marefa walikitunga ili wapate la kufanya.

Baba yake alikuwa mkulima wa Nyakiriba, huku Rwanda. Mama yake alikuwa mtu wa Goma, mji wa Kongo ng'ambo ya mpaka, na alimlea kwa Kiswahili cha Goma, hata Kinyarwanda cha Nyiramana kikabaki na lafudhi ya ng'ambo. Zamani watu walimtania kwa hilo, naye akacheka. Lakini mwaka 1994 mji ulikimbia vita, ukavuka mpaka kwa miguu, na kule kwenye kambi ya wakimbizi kipindupindu kikamchukua Nzabonimpa. Aliporudi bila mume miaka miwili baadaye, katikati ya umati wa watu na magodoro, mtu mmoja kwenye kizuizi cha mpakani alimsikia akizungumza, akasema huyu si wa hapa, huyu ni wa Kongo. Wakamkalisha pembeni pamoja na wale wa kurudishwa. Jua lilimpanda na kumshuka kichwani. Jioni alipita Rutagengwa, seremala wa Nyakiriba, godoro kichwani. Alisimama mbele ya askari, akasema, "Huyo ni mke wa Nzabonimpa wa koleji. Ni wetu." Basi wakamwachia.

Tangu siku hiyo Nyiramana alijifunza kuongea kidogo mbele ya watu asiowajua.

Sasa ulikuwa mwanzo wa mwaka 1999. Kwa muda mrefu uwanja haukuwa na mechi. Usiku milio ya bunduki ilisikika kutoka milima ya Cyanzarwe, na mchana watu walitembea wakitazama mbele tu. Hii ilikuwa mechi ya kwanza, tena dhidi ya vijana wa koleji moja ya Goma. Askari walisimama kuuzunguka uwanja, mgongo kwa mpira, uso kwa watu. Na wiki ile sokoni palikuwa na uvumi kwamba Wakongo wasio na vitambulisho vipya watakusanywa na kurudishwa kwao. Nyiramana hakuwa na kitambulisho kipya. Aliambiwa arudi kesho, akarudi, akaambiwa arudi.

"Mama Koleji, leo mutapigwa," alisema Abdu, akijishusha polepole kwenye kitenge, fimbo kwanza, goti bovu mwisho. Abdu alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mzaliwa wa Birere, Goma, aliyemfuata mke Gisenyi akiwa kijana na hakurudi tena. "Bale batoto ba Goma banakula samaki ya sambaza kila siku. Banakimbia sana."

"We muzee, uko shabiki wa nani? Kaa na Goma yako kule ngambo."

"Mi niko neutre, siko na upande. Kama arbitre."

"Refa wa muguu moja."

Rutagengwa, aliyekaa upande wa pili wa Nyiramana, alicheka kifuani bila kufungua kinywa. "Mumuache," alisema. "Mwaka ile Ruhengeri walitufunga, alilia."

"Ilikuwa vumbi," alisema Abdu.

"Mvua ilikuwa inanyesha, muzee."

Hao watatu walikuwa hivyo. Wengine wa umri wao walikufa, au walibaki ng'ambo, au walikaa nyumbani wakisikiliza redio. Wao walikuja.

Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Wakati wachezaji wakinywa maji, Nyiramana alimwona mwalimu Muhire akizungumza na afisa wa askari karibu na mstari wa katikati. Muhire alikuwa mwalimu mpya, kijana aliyekulia Tanzania, shati jeupe, Kiswahili chake kimenyooka kama kilichopigwa pasi. Alinyoosha kidole. Kidole kilivuka uwanja, kikaja upande wao, kikasimama.

Afisa alitazama. Akaita askari wawili.

"Anaonyesha nani?" aliuliza Nyiramana.

"Pengine ananionyesha mimi," alisema Abdu. "Anataka niingie mushambuliaji, numéro neuf."

Askari wawili walikuwa wameanza kuuzunguka uwanja, bila haraka.

Muhire aliinua kipaza sauti, kile cha kushika mkononi, kilichokuwa kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Aliongea Kiswahili kwa sababu ya wageni. Kipaza sauti kilipiga yowe, kikakohoa, na upepo kutoka ziwani ukachukua maneno mengine na kuacha mengine.

"Tunaomba mashabiki wa Kongo... wote wasimame pale walipo. Askari watawasindikiza... Tafadhali, mtu asiondoke."

Upande wa pili wanawake wa Goma waliokuja na timu yao walianza kuokota mikoba yao. Kocha wao alitanua mikono mbele ya wachezaji wake, kama kuku mbele ya vifaranga.

Kipaza sauti kikakohoa tena. "Wasione haya. Tunawafahamu. Wamekuwa hapa kati yetu miaka mingi."

Nyiramana aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo. Kati yetu miaka mingi. Kwa hiyo hawakuzungumza na wale wa ng'ambo ya uwanja. Walizungumza naye.

Abdu aliinama kama anayetafuta kitu kwenye majani. "Sikiliza," alisema kwa sauti ndogo. "We kaa. Baba yako ni wa Nyakiriba. Usifungue kinywa, na hakuna mutu atajua kitu."

"Na we?"

"Mi nitajificha wapi? Hata mbuzi ya hii mji inajua Abdu wa Goma."

Nyiramana aligeuka kumtazama Rutagengwa. Alitaka kulisikia tena lile neno la kizuizini, neno moja tu. Rutagengwa alikuwa akitazama viatu vyake. Kisha, taratibu, kama mtu anayekimbia jua, alisogea. Alifika pindo la kitenge. Akalivuka. Akakaa kwenye majani matupu, mgongo umewaelekea nusu.

Askari walikuwa wameshapita kibendera cha kona.

Abdu aliweka fimbo chini, akajaribu kuinuka. Goti lilikataa. Akajaribu tena, na watu waliokaa nyuma yao, waliomjua tangu alipokuwa akiwapa watoto wao lifti, walitazama pembeni. Nyiramana aliona shingo yake nyembamba ndani ya kola pana. Angeweza kukaa. Alikuwa na baba wa Nyakiriba na kinywa cha kufunga. Angerudi nyumbani jioni, akapika, na kesho yake angekaa hapa, kwenye kitenge kipana cha mtu mmoja.

Akavaa viatu vyake. Akamshika Abdu chini ya kwapa.

"Mama, we ni mjinga," Abdu alinong'ona.

"Simama, utaniangusha."

Wakasimama. Nyuma yao mwanamke mmoja alivuta pumzi. Askari wa kwanza alifika, kijana mrefu, akasema kwa Kiswahili cha mtu aliyejifunzia jeshini, "Mama, muzee, twende. Mbele kule."

Nyiramana alimgeukia Rutagengwa. "Kitenge utampelekea Ingabire," alisema. Ingabire alikuwa binti yake. "Mwambie maharage iko kwa moto."

Rutagengwa alivuta pindo la kitenge kuelekea kwake.

Walitembea kando ya mstari, yeye na Abdu katikati ya askari wawili, mbele ya uwanja mzima. Aliyajua macho yale yote. Aliwahi kuwapa baadhi yao viazi. Mbele, karibu na geti, gari la jeshi lilikuwa limeegeshwa, mlango wa nyuma wazi, naye akaanza kufikiri jinsi Abdu atakavyopanda na goti lile. Kama watatupwa ng'ambo leo, alale wapi? Nyumba ya mama yake Goma iliuzwa. Ndugu waliokuwapo walitawanyika. Kule pia wangesema huyu si wa hapa.

Lakini kwenye mstari wa katikati askari waligeuka. Palikuwa na viti vitatu, viti vya walimu vyenye mito, vimepangwa kuelekea uwanja. Mwalimu Muhire alisimama kando ya viti, anatabasamu. Tabasamu lile lilimtisha Nyiramana kuliko bunduki.

"Karibu, mama," alisema Muhire, akamwekea kipaza sauti karibu na mdomo. "Waambie watu. Umekuwa ukija hapa tangu lini?"

Lilikuwa swali la kizuizini. Walimuuliza vilevile: tangu lini, kutoka wapi. Siku ile alinyamaza, na kunyamaza hakukumsaidia. Akashika kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

"Mi niko wa hapa," alisema, na sauti yake ikapanda mpaka kwenye mapaa. "Baba yangu ni Nyakiriba. Bwana yangu, Nzabonimpa, ndiye alichora hii mistari, kwa majivu ya jiko yangu. Mama yangu alikuwa wa Goma, ni kweli, sitamukana mama yangu hapa mbele ya batu. Lakini mukitaka kunirudisha, munirudishe Nyakiriba. Kule ngambo sina mutu." Alipumua. "Na huyu muzee, kama munamupeleka, anatembea polepole. Musimusukume."

Ziwa lilisikika. Muhire alikuwa bado na tabasamu, lakini lilibaki usoni kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe.

"Kukurudisha wapi, mama?"

"Kongo. Umeita mashabiki ba Kongo."

"Wakongwe," alisema Muhire. "Mama, nilisema mashabiki wakongwe. Wa siku nyingi. Tulitaka mkae mbele. Tulitaka kuwashukuru." Alivigusa viti kana kwamba vitamtetea. "Askari niliwaomba mimi, wawasaidie kutembea."

Abdu aliegemea fimbo yake. "Mwalimu, hiyo neno umeitoa wapi?"

"Ni Kiswahili, mzee."

"Kiswahili ya nani?"

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwa Nyiramana, na swali la Abdu lilisikika uwanja mzima. Mtu mmoja alicheka upande wa Goma. Kisha wengine, kisha pande zote, kicheko kirefu cha watu waliokuwa wameshikilia pumzi. Kocha wa Goma alishusha mikono. Hata yule askari mrefu alitazama juu akiuma mdomo.

Nyiramana hakucheka. Alikaa kwenye kiti, akamvutia Abdu kingine.

Muhire alichukua kipaza sauti. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Alisema upya kwa Kinyarwanda, halafu akajaribu Kiswahili cha pale, akikiokota neno kwa neno kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. "Bazee. Bazee ya zamani. Benye balikuya hapa mbele yetu, na habakuacha kuya. Tunabashukuru. Na tunaomba musamaha." Wanafunzi walipiga makofi na kugonga masufuria waliyokuja nayo. "Na muzee Rutagengwa pia. Kiti ya tatu ni yako."

Rutagengwa alikuja peke yake, bila askari. Njia ile kando ya mstari ilionekana ndefu kwake kuliko ilivyokuwa kwao. Kitenge alikuwa amekikunja vizuri, amekibeba mikononi kama mtoto. Makofi yalimfuata, naye alitembea ameinamisha kichwa kama mtu anayenyeshewa.

Alisimama mbele ya kiti cha tatu, karibu na Nyiramana. Hakukaa.

"Nilisogea," alisema.

"Niliona."

"Ile siku ya barrière, kule mpakani, sikuwa na kitu. Sasa niko na bajukuu kwa nyumba. Niliogopa."

Nyiramana alichukua kitenge, akakiweka mapajani. Abdu alitazama mbali, kwa mara ya kwanza maishani hana utani. Refa alikuwa ameuweka mpira katikati.

"Mimi pia niliogopa," alisema Nyiramana mwishowe. "Kaa. Unatufichia mechi."

Rutagengwa akakaa ukingoni mwa kiti, kama mgeni. Nyiramana hakumtazama tena. Jambo lile lilikuwa bado lipo kati yao, na alijua litakuwapo hata kesho na mechi ijayo. Hakuwa na nguvu ya kuliondoa leo.

Filimbi ikalia. Winga wa Goma alichukua mpira kushoto, mwepesi kweli, akampita mmoja, akampita wa pili, na beki wa koleji, kijana aliyeitwa Kwizera, alibaki amesimama mikono kiunoni. Nyiramana alihisi kitu kikimpanda kifuani, kikubwa kuliko woga. Akasimama.

"We Kwizera," alipaza sauti, kwa Kiswahili cha mama yake chote, lafudhi yote, bila kukunja hata neno moja, "unaangalia nini, mutoto? Rudia nyuma!"

Kwizera akarudi mbio.